Kahawa Isiyorudishwa

Msomaji wa wasifu alikuwa kijana wa kwaya mwenye sauti nzuri, na alipofika kwenye kazi za marehemu aliinua karatasi juu kidogo, kama mtu anayejua kwamba sasa ndipo penyewe. Alisema marehemu Anaeli alikuwa mjasiriamali wa mfano, mwenye uthubutu, uvumilivu, ubunifu na kuona mbali. Waombolezaji waliitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na uzio wa masale, viatu vikiwa bado na vumbi la stendi, kwa sababu nilikuwa nimesafiri siku mbili kutoka Tunduma na nilifika jeneza likiwa limeshatolewa nje. Sikuwa na ugomvi na karatasi ile. Mtu akifa hupewa maneno mazuri, na yale yalikuwa mazuri. Lakini uthubutu nimewahi kuwa nao hata mimi. Nimefungua genge Singida, saluni Mtwara na mgahawa Tunduma, na kila mara majirani walinisifu kwa uthubutu mpaka siku niliposhusha kibao changu mlangoni. Alichokuwa nacho Mama Ndeshi, maana hilo ndilo jina nililomwita, hakikuandikwa kwenye karatasi ile. Nilikiona mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa kwake hapahapa Nkoaranga nikiwa na miaka ishirini, na nadhani ni mimi peke yangu niliyekuwepo siku alipokipata.

Sikuja Nkoaranga kutafuta maisha. Nilikuja kumuuguza shangazi yangu hospitalini, na alipopona akarudi kwetu Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, kwenye vumbi na mahindi na ng'ombe, mimi sikupanda gari naye. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, cheti kiko ndani ya bahasha ambayo sikuwa na mtu wa kumpelekea, na miguu yangu tangu wakati ule ilikuwa haipendi kurudi ilikotoka. Mwanamke aliyekuwa akileta maziwa kwa wagonjwa, Mama Ndeshi, ndiye aliyeniambia kwamba ana chumba. Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyolala baadaye. Kilikuwa kimeungana na banda la ng'ombe, ukuta wa mbao tu kati yetu, na asubuhi niliamshwa na ng'ombe aliyeitwa Malkia akicheua karibu na sikio langu. Dirisha lilikuwa na ukubwa wa daftari. Ukichungulia unaona migomba, chini ya migomba mibuni, na siku ambayo mawingu yamekubali, bega la Meru. Kodi yangu ilikuwa kazi: kumkatia Malkia majani, kuteka maji, kuchuma kahawa msimu ukifika. Kwa mtu wa upande wangu wa mlima, ng'ombe mmoja kufungiwa ndani siku nzima akiletewa chakula kama mgonjwa kilikuwa kichekesho, na nilimwambia hivyo siku ya kwanza.

"Kwenu ng'ombe wanatembea kutafuta chakula," alinijibu. "Ndiyo maana na wewe hutulii."

Mama Ndeshi alikuwa mfupi, mjane, umri wake haujafika arobaini, na alikuwa na mtoto mmoja, Ndeshi, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza. Sebuleni kwake viti vilivaa vitambaa alivyofuma mwenyewe, lakini hatukukaa huko. Tulikaa jikoni, kibanda chenye moshi nyuma ya nyumba, tukila loshoro, mahindi yaliyochemshwa na kuchanganywa na mtindi wa Malkia, mpaka Ndeshi anapata masharubu meupe. Maziwa yale ndiyo yaliyokuwa yakimvalisha Ndeshi sare na kuleta sukari ndani ya nyumba. Na ni hapo jikoni, jioni moja tukiwa tunamenya ndizi, aliponiuliza kama nimewahi kuona nyumba yoyote kijijini ikinywa kahawa. Nilifikiri, nikasema hapana. Kila nyumba ilikuwa na mibuni. Kahawa ilichumwa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikapelekwa chama cha msingi, ikaondoka mlimani, na wenyewe wakarudi nyumbani kunywa chai. "Sisi ni kama mshona viatu anayetembea peku," alisema. Wiki ileile alikoboa kahawa kwenye kinu cha mahindi, akaikaanga kwenye karai juu ya mafiga, akaitwanga, akaitia kwenye vifuko vya nailoni ambavyo tulivifunga mdomo kwa moto wa mshumaa. Akanitazama juu ya mshumaa ule. "Mikono yangu haitulii, miguu yako haitulii. Mimi nitakaanga, wewe utauza. Tutagawana." Nilikuwa sijawahi kuambiwa neno hilo, kugawana, na mtu mzima.

Ili kujua kama watu wataipenda, aliipeleka mahali ambapo kila kitu cha kijiji kilipita, yaani kwenye mnada wa kanisani. Wasioufahamu niwaeleze. Si kila mtu ana fedha ya sadaka, kwa hiyo watu huleta walicho nacho: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo, boga, chupa ya maziwa. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa pale nje, na watu hushindana kwa vicheko na utani. Mtu akishinda kitu anaweza kwenda nacho nyumbani. Lakini anaweza pia kusema, "Namrudishia Bwana," na hapo mzee wa kanisa anayenadi anakipokea na kukiuza tena. Nimeona jogoo mmoja akinunuliwa mara tano na akabaki palepale, kichwa chini, akitushangaa. Jumapili ile kifuko cha Mama Ndeshi kilipandishwa bei kupita mkungu wa ndizi. Kikanunuliwa, kikarudishwa. Kikanunuliwa tena kwa bei ya juu zaidi, kikarudishwa. Mara nne. Mwishowe mtu mmoja alikinunua akampelekea mama mchungaji, watu wakapiga makofi. Jumapili iliyofuata ikawa hivyohivyo. Tulirudi nyumbani kwa njia ya miguu inayoshuka kama ngazi, Ndeshi akiruka mbele yetu, na Mama Ndeshi alikuwa akizungumza peke yake zaidi ya kuzungumza nami. "Umeona walivyoigombania? Umeona?" Niliona. Sote wawili tuliona kitu kilekile, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini kitu kinachopendwa hivyo hakuna anayetaka kukipeleka nyumbani.

Mipango ya pipa ilitokana na hapo. Fundi mmoja wa kuchomelea kule Tengeru alikuwa amemwambia anaweza kumtengenezea pipa la kukaangia, lenye mhimili na mpini wa kuzungusha juu ya mkaa, litakalokaanga kwa asubuhi moja kiasi ambacho karai lilikaanga kwa wiki. Ili kumlipa fundi na kununua kahawa ya majirani, kitu pekee cha kuuza kilikuwa Malkia. Mnunuzi alipatikana Usa River, akasema atakuja Jumanne. Jumamosi kabla ya Jumanne hiyo palikuwa na sherehe ya kipaimara nyumba ya tatu kutoka kwetu, na wanawake tuliitwa kumenya ndizi za machalari. Tulikuwa kama kumi na tano, tumekaa kwenye mabenchi nyuma ya nyumba, viganja vyeusi kwa utomvu. Mama Ndeshi alikuwa amekwenda kuchota maji. Nilitumwa ndani kuchukua chumvi, na nikiwa nimeinama kwenye ndoo ya chumvi nikasikia sauti ya Mama Joeli, jirani yetu, upande wa pili wa ukuta wa mabanzi.

"Ile kahawa uliyonunua Jumapili umeinywa?"

"Ninywe nini?" mwingine akajibu. "Nilimrudishia Bwana mbio, kabla haijanigusa vizuri."

"Inanuka kama ugali uliosahauliwa jikoni."

"Na uchungu wake. Kwinini ina nafuu."

"Masikini, naye anadhani tunaigombania. Nasikia anauza ng'ombe."

"Nani amwambie?"

"Amwambie Bwana mwenyewe. Si ndiye tunayemrudishia kila wiki?"

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Hawakuwa watu wabaya, na nataka hilo lieleweke. Mama Joeli ndiye aliyelala kwa Mama Ndeshi wiki nzima alipofiwa na mume. Kumwambia mjane kwamba kazi ya mikono yake inanuka, tena baada ya kuileta mbele ya madhabahu, lilikuwa jambo ambalo mtu aliyelelewa vizuri halifanyi. Kwa hiyo walikuwa wanamlinda kwa namna waliyoijua. Mimi ndiye nisiyekuwa na kisingizio. Nilitoka na chumvi, nikakaa, nikamenya. Jumapili ilipita. Jumatatu nilikata majani, na niliposhika panga nilikuwa na sentensi yote mdomoni, ila kila nilipomkuta alikuwa anaimba. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni pale, na mgeni hasemi. Nilijiambia pengine wanawake wale hawajui kahawa. Ukweli wenyewe ni mdogo na wa aibu: alikuwa ameniambia tutagawana, na nilikuwa nimeshajiona mjini Arusha, nimevaa viatu vya kisigino, naingia dukani na mzigo wangu. Jumanne mnunuzi akaja na kamba. Malkia aligoma kwenye kona ya mibuni, akageuza shingo kututazama, halafu akashuka naye. Ndeshi alisimama mlangoni na kikombe chake mkononi.

Pipa likaja. Lilikuwa zuri, jeusi, zito, na lilipozungushwa lililia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, watu wakipita wanauliza kama tunachinja. Tulikaanga siku nne mfululizo. Nikaenda Tengeru sokoni, nikaenda mjini, duka kwa duka, kwa viatu vyangu vya kawaida. Wenye maduka walikuwa na adabu sana. "Iache hapo, dada, tutaona." "Pitia mwisho wa mwezi." Nilipopitia mwisho wa mwezi vifuko vilikuwa palepale na vumbi juu yake, na mwenye duka mmoja wa soko la Kilombero hapohapo mjini alinirudishia vyote akiwa amevifunga vizuri kwenye mfuko mpya, kama mtu anayerudisha posa. Kanisani mambo yaliendelea kama zamani: kifuko kinapanda bei, kinarudishwa, makofi. Mama Ndeshi alianza kukonda. Alisema tatizo ni kifuko, akanunua vya karatasi. Alisema tatizo ni jina, akaandika jina kwa kalamu nyekundu. Nyumbani loshoro ilikoma, tukala makande makavu, na Ndeshi akanywa chai ya rangi bila kulalamika, jambo lililonisumbua kuliko kama angelia. Kisha nikagundua kwamba kila asubuhi kabla ya kwenda shule alikuwa akikata majani kidogo, kiasi cha mkono wake, na kuyaweka kwenye hori la Malkia. Nilimwuliza ya nini. Akasema, "Akirudi akute."

Mchana huohuo mvua ilinyesha, tukawa jikoni mimi na Mama Ndeshi tu, na nilimwambia. Nilisema nikiwa nimegeukia moto. Nilimweleza kuhusu sherehe, ukuta wa mabanzi, ndoo ya chumvi. Na nilimwambia kwamba ilikuwa Jumamosi, siku tatu kabla ya mnunuzi. Sikumtaja Mama Joeli, lakini maneno nilimpa.  Moshi ulikuwa mwingi na sikuweza kuona uso wake vizuri. Nilikuwa najua neno litakalofuata, maana bahasha yangu na nguo zangu mbili nilikuwa nimeshazifunga kwenye kanga.

"Walisema inanuka kama nini?"

"Kama ugali uliosahauliwa jikoni."

"Rudia na mengine. Neno kwa neno, Nashipai. Usinipunguzie."

Nikarudia. Ugali. Kwinini. Mbio kabla haijanigusa. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza daktari. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu kuhusu mimi: "Kwa nini hukuniambia kabla Malkia hajaondoka?"  Alisubiri muda wa kutosha kunifanya nijue kwamba amesubiri. "Basi," akasema. "Hilo limekwenda na ng'ombe." Akainuka, akachukua kifuko kimoja, akakichana, akakiinamia na kunusa kwa muda mrefu. Tangu aanze kazi ile alikuwa hajawahi kukinusa kama mtu mwingine. "Ugali," alisema, na nikaona mabega yake yakitikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. Nimelifikiria tukio lile katika miji mingi. Watu husema sifa hizi mtu huzaliwa nazo. Mimi nilimwona mwanamke akiipata yake akiwa mtu mzima, jikoni, mchana wa mvua, na alilipa ng'ombe kwa ajili yake.

Kesho yake alijifunga kitenge cha kanisani, akabeba birika, tukaenda kwa Mama Joeli, nyumba ya karibu kuliko zote. Nilitamani ardhi inimeze.

"Karibuni. Kwema, Mama Ndeshi?"

"Kwema. Nimekuletea kahawa yangu."

"Ee, ile kahawa nzuri."

"Si nzuri. Inanuka kama ugali uliosahauliwa jikoni."

Mama Joeli alinigeukia mimi, halafu akautazama mlango. "Haya maneno umeyatoa wapi?"

"Yameokotwa njiani. Mwenye maneno simtaki, nayataka maneno. Wewe onja, uniambie ugali huo umeungua chini tu au sufuria nzima."

Mama Joeli alijizuia. Alijizuia kweli, aliuma ukingo wa kanga yake, kisha akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. "Sufuria nzima," alisema. "Na mwiko." Baada ya hapo hakukuwa na kumzuia. Alisema unga wake unabaki kwenye meno kama mchanga. Alisema hakuna anayejua ichemshwe vipi, wengine wameitia kwenye maji kama majani ya chai wakapata tope. Alisema mumewe alidhani ni dawa ya minyoo. Mama Ndeshi hakutetea hata jambo moja. Aliuliza, "Tope zito au jepesi?" Aliuliza, "Ukitia maziwa je?" Tulikwenda nyumba ile, na nyumba iliyofuata, wiki nzima, na kila mahali ilikuwa vivyohivyo: kwanza wanakana, halafu wanacheka, halafu wanasema.  Mara moja tu, kwenye mteremko wa mtoni, alisimama akashika mti, akasema, "Leo imeniuma." Tukaendelea.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Elifasi, aliyepikia watalii maisha yake yote kwenye kambi za upande wa Momela na sasa alikuwa amestaafu na kugombana na kuku wa watu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa kurudisha kifuko siku ile ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama mmekuja na ile kahawa, kaeni nayo mbali."

"Mzee, ulimrudishia Bwana kwa nini?"

"Kwa sababu naiheshimu kahawa," alisema. "Bwana ni mvumilivu kuliko mimi."

Alikataa kuja kwetu, kisha siku mbili baadaye akaja mwenyewe, amevaa koti, akadai kigoda. Tukawasha mkaa, tukazungusha pipa. Hazikupita dakika kumi akainua mkono. "Nyamazisheni hicho kitu." Mama Ndeshi aliuliza kitu gani. "Hilo pipa lenu linalia kama nguruwe. Kahawa inaongea humo ndani, nyinyi hamsikii." Akatueleza, kwa hasira, kama tulikuwa tumemwibia. Kahawa ikiiva hupasuka kama bisi, moja moja, kisha nyingi. Halafu inanyamaza. Ikianza kupasuka mara ya pili, sauti ndogo ya haraka, umeshachelewa. Mpishi hakaangi kwa macho, anakaanga kwa masikio. Sisi tulikuwa tukiangalia rangi kwenye moshi na tukitoa ikiwa nyeusi tii, kwa sababu tulidhani nyeusi ndiyo iliyoiva, na kelele za pipa lile la thamani ya Malkia zilikuwa zimetuziba masikio. Mama Ndeshi alileta mafuta ya kupikia, yale ya mwisho nyumbani, akayamimina kwenye mhimili wote. Tukazungusha tena. Pipa likanyamaza. Na ndani yake, kwa mara ya kwanza, nikasikia kitu kikisema *ta*. Kisha *ta, ta*. Mama Ndeshi alikuwa amefumba macho, sikio limeinamia pipa mpaka niliogopa nywele zake zitaungua.

Haikuwa mara moja. Tuliharibu nyingi, na Mzee Elifasi alitema kila alichoonja na kutaja kosa lake kwa jina la mnyama. Tulisaga mara mbili. Mama Ndeshi alikwenda nyumba hadi nyumba na birika lake akionyesha namna ya kuchemsha kwa maziwa na tangawizi kidogo, akikaa mpaka kikombe kiishe, akiutazama uso wa mnywaji badala ya kuusikiliza mdomo. Aliacha kabisa kupeleka kahawa kanisani. Jumapili zile alipeleka mayai. Ilikuwa karibu na Krismasi alipopeleka tena kifuko kimoja, na akaniambia tukiwa njiani, "Leo tutajua. Kikirudishwa, nauza pipa." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Mzee wa kanisa alikiinua, na nikaona watu wakianza kutabasamu. Bei haikupanda. Mtu mmoja alitaja kidogo, mwingine akaongeza kidogo, mzaha mzaha. Kisha Mzee Elifasi akataja ya kwake kutoka nyuma, bei ya kawaida tu, bei ya mtu anayenunua kitu dukani. Hakuna aliyeongeza. Akapewa. Mzee wa kanisa, kwa mazoea, hakukiachia kifuko, alishika upande mmoja, Mzee Elifasi upande wa pili, na alikuwa ameshatangaza: "Mzee anamrudishia Bwana, nani ataongeza?"

"Nani kasema narudisha?"

"Hurudishi, mzee?"

"Sirudishi. Bwana ana mashamba yote haya, hii nakwenda kunywa." Akakivuta, akakitia ndani ya koti, akafunga vifungo viwili.

Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma ya mabega ya watu Mama Joeli aliuliza, si kwa sauti kubwa, "Mama Ndeshi, kuna nyingine?" Nikamtazama Mama Ndeshi. Zile Jumapili za bei kubwa alikuwa aking'aa uso mzima. Siku hii alikuwa ameshika mkono wa Ndeshi kwa nguvu mpaka mtoto akajinyonganyonga. "Ziko nyumbani," alisema.

Niliondoka Januari. Kahawa ilikuwa imeanza kwenda Tengeru na maduka mawili ya mjini, mgawo wangu ulikuwa umeanza kuwa mgawo wa kweli, na hapohapo miguu ikaanza kuwasha. Nilimwambia jikoni, nikitegemea anizuie. Alinifungashia vifuko vitatu. "Nenda," alisema. "Ila huko uendako ukiona kitu kinaharibika, sema kabla ng'ombe hajauzwa." Nilisikia kwa barua kwamba mtamba aliingia bandani mwaka wa pili, na Ndeshi akambatiza Malkia, kwamba amerudi. Baadaye zikaja simu, na sauti yake ikizeeka ndani ya simu, na kila mara swali lilelile kabla ya kuagana: kahawa niliyokutumia ilikuwaje, usinipunguzie. Mimi katika magenge yangu niliuliza watu kama wamependa. Sikuwahi kuuliza nani hajapenda, na nilipoambiwa nilijitetea. Nadhani tofauti yetu yote ilikuwa hapo.

Baada ya maziko tulikaa chini ya maturubai. Machalari yalipita, kisha chupa kubwa za chai. Ndipo nilipoona kitu ambacho pale hakuna aliyekiona, kwa kuwa walikwisha kukizoea: kwenye mabenchi yote, wazee kwa vijana, watu walikuwa wakinywa kahawa. Ndeshi alikuwa akiwahudumia mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na ushee sasa, mfupi kama mama yake, macho yamevimba. Alipita kila benchi na kila benchi lilimwambia nzuri, mwanangu, nzuri sana, pole. Alipofika kwangu aliweka chupa chini, akanishika mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Ndeshi."

Akanimiminia. "Hii ni ya kwanza kukaanga bila yeye," alisema. "Wiki ijayo lazima niwapelekee wa mjini. Wote wanasema nzuri. Niambie wewe."

Nilikunywa. Pembeni yangu bibi mmoja alikuwa ananitazama kwa jicho la kunikumbusha ni siku gani. Nilijua ladha ile. Niliibeba ulimini mwaka ule nikiwa na miaka ishirini. Ilikuwa rahisi sana kusema nzuri.

"Imepita kidogo," nilisema.

Bibi aliguna.  Ndeshi alikaa kwenye benchi ubavuni kwangu, chupa mapajani, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Nilianza kutafuta maneno ya kurudisha nyuma.

"Imepita kiasi gani?" aliuliza. "Ilikuwa imeanza kupasuka mara ya pili?"

"Ilikuwa imeanza."

Alitikisa kichwa taratibu. "Mvua ilikuwa kwenye bati. Nilidhani ni mvua." Akayatazama masale na udongo mpya nyuma yake. "Kesho asubuhi nawasha tena. Uje usikilize na mimi."

Tiketi yangu ya kurudi Tunduma ilikuwa ya kesho asubuhi. Nilimpa kikombe, nikamwomba aniongeze, nikamwuliza tunawasha saa ngapi.